Kabla hujanunua mashine ya stika, chagua programu

Uchaguzi ukikaribia, biashara ya stika hapa kwetu Pwani hupamba moto, na hata usipokuwepo uchaguzi haipoi sana. Tuktuk inataka jina, matatu inataka mstari wake wa manjano na jina la sako, duka linataka saa za kufungua na kufunga ziandikwe kwenye kioo, madrasa inataka kibao kipya, timu ya mtaa inataka majina mgongoni mwa jezi. Ndiyo maana vijana wengi waliopata kitita kidogo, kiwe cha chama, cha mkopo au cha ndugu aliye Uarabuni, huja na swali lile lile: ninunue mashine gani?

Mimi huwajibu kwa swali jingine. Utaiendesha kwa programu gani?

Wengi hushangaa, maana mashine inaonekana na inashikika, na programu haionekani. Muuzaji naye huwatuliza kwa kusema CD imo ndani ya boksi. Lakini mashine kadhaa nilizozikuta zimefunikwa leso pembeni mwa duka, zimegeuka meza ya kuwekea chai, hazikuharibika mota wala kisu. Zilikosa programu. Laptopu iliyokuwa ikiziendesha ilikufa, mpya haina mahali pa kuingiza CD, au leseni ilikuwa ya kompyuta moja tu, au aliyejua kuitumia amehamia Nairobi na nywila yake. Pesa nyingi zimelala pale chini ya leso.

Kwanza tuelewane mashine yenyewe ni nini. Mafundi wengine huiita plota, wengine mashine ya kukata, wengine mashine ya stika basi. Kwa nje inafanana na printa ndefu yenye miguu, lakini haina wino. Ina kisu kidogo kinachokata vinaili, ile karatasi ya plastiki yenye gundi mgongoni, bila kuikata karatasi ya chini inayoibeba. Kisha fundi huchambua mabaki kwa kibano, huweka tepu ya kuhamishia juu ya maandishi yaliyobaki, halafu hubandika. Printa huiona picha kama vitone vingi vya rangi. Plota haijui vitone wala rangi. Inajua njia tu: anzia hapa, teremsha kisu, nenda mpaka pale, inua. Mchoro uliojengwa kwa njia badala ya vitone ndio unaoitwa vekta, na kila programu tutakayoitaja hapa kazi yake ni kukutengenezea mchoro huo, au kuupeleka kwenye mashine, au yote mawili.

Amri hizo zina lugha yake. Plota nyingi, hasa za kutoka China ambazo ndizo nyingi madukani kwetu, husikiliza lugha iitwayo HPGL, iliyobuniwa na kampuni ya Hewlett-Packard katika miaka ya 1970 kwa ajili ya mashine za kuchora kwa kalamu. Ni lugha nyepesi. Ukifungua faili yake, ambayo aghalabu huishia na herufi plt, kwa programu ya kawaida ya kuandikia, utaisoma kwa macho yako. PU ni inua. PD ni teremsha. Nambari zinazofuata ni mahali pa kwenda, na kila milimita moja ni vipimo 40. Kwa hivyo PD400,0 ni kukiambia kisu kiteremke na kikate mpaka alama iliyo sentimita moja kutoka mwanzo. Basi, hakuna uchawi.

Jambo hili dogo ndilo linaloamua mengi. Mashine inayosikiliza HPGL unaweza kuiendesha kwa programu kumi tofauti, zikiwemo za bure, na programu moja ikikushinda unahamia nyingine. Mashine isiyosikiliza ila programu ya aliyeitengeneza imekufunga kwake. Makampuni makubwa ya Japani kama Roland na Graphtec yana lugha zao, CAMM-GL na GP-GL, lakini hizo zinajulikana na programu nyingi za kulipia huzizungumza. Tena mashine zao huja na programu za kampuni zisizo mbaya, CutStudio kwa Roland na Graphtec Studio kwa Graphtec. Ukibahatika kupata moja iliyotumika kwa bei ya kiungwana, usiiogope.

Ninayomwonya mtu nayo, ikiwa anataka kufanya biashara ya mabango, ni ile inayoendeshwa na programu moja pekee. Mfano mashuhuri ni Cricut ya Marekani. Ni mashine nzuri kwa kadi za harusi na zawadi, hukata upana wa sentimita 30 hivi, lakini huendeshwa na programu ya kampuni, Design Space, na programu hiyo inategemea akaunti yako kwao. Zamani palikuwa na programu za nje zilizoweza kuiendesha, Make the Cut na Sure Cuts A Lot. Kampuni ikazishtaki, na mambo yakaishia kwa programu hizo kuacha kabisa kuigusa Cricut. Halafu mwezi Machi 2021 kampuni ikatangaza kwamba asiyelipa ada ya kila mwezi atapakia michoro yake 20 tu kwa mwezi. Michoro yake mwenyewe, kwenye mashine aliyokwisha kuinunua! Wateja walipiga kelele mpaka kampuni ikarudi nyuma siku chache baadaye. Kelele zilifaulu safari hiyo. Lakini kila aliyekuwa na mashine ile alijua siku hiyo kwamba hatamu hazikuwa mikononi mwake.

Silhouette Cameo iko katikati. Ukubwa wake unakaribiana na Cricut, na toleo la bure la programu yake halikubali kufungua faili za SVG, ambayo ndiyo aina ya wazi inayotumika sana kwa vekta. Ukitaka SVG ununue toleo la juu. Hata hivyo toleo la bure hufungua DXF, na kuna kiongezi cha Inkscape kinachoweza kuiendesha mashine hiyo moja kwa moja. Kwa hivyo mlango upo, ingawa ni wa uani.

Sasa tuziangalie programu zenyewe.

Ile CD ya ndani ya boksi mara nyingi ni ArtCut 2009 au, kwa mashine za karibuni, SignMaster. ArtCut imelisha familia nyingi na siidharau, lakini ni mzee. Ilitengenezwa kwa kompyuta za wakati wake, hutaka CD yake iwemo ndani ya kompyuta ndipo ikubali kufanya kazi, na kwenye Windows za sasa husumbua. CD ikikwaruzwa na mchanga, umekwisha. SignMaster ni bora zaidi, ila husajiliwa kwa nambari ya leseni na huuzwa kwa madaraja. Daraja unalopewa na mashine huenda likawa la chini, na utakapotaka kufuatisha picha au kukata kuzunguka picha iliyochapishwa utaambiwa upande daraja kwa pesa. Muulize muuzaji daraja lipi limo, na nambari ya leseni akupe kwenye karatasi.

CorelDRAW ndiyo mfalme wa maduka ya mabango nchini, na kwa kuchora inastahili sifa zake. Huweza kutoa faili za plt, na kwa plota zenye draiva ya Windows unakata kama unayechapisha. Adobe Illustrator pia ni stadi, ila tangu 2013 kampuni yake ilihamia kwenye malipo ya mwezi, na peke yake haiiongozi plota mpaka iongezwe kiunganishi. Tatizo la Corel kwetu si ubora. Ni kwamba nakala nyingi zinazozunguka kwenye flashi za mtaani ni za wizi. Nitalirudia hilo.

Inkscape ni ya bure, na bure kweli, si ya siku 30. Ilianza 2003, toleo lake la 1.0 lilitoka 2020, na hufanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, hata kwenye laptopu ya kawaida ya mkono wa pili. Huchora, huandika, hufuatisha picha, huhifadhi kwa SVG, PDF, DXF na HPGL. Ndani yake, kwenye orodha ya viongezi sehemu ya kutoa faili, kuna kiitwacho Plot ambacho huzungumza na mashine ya HPGL moja kwa moja: unachagua poti, kasi ya mawasiliano, unageuza mchoro ukitaka, unakata. Udhaifu wake ni pale kazi inapokuwa nyingi. Haikupangii nakala 50 za stika kwenye roli moja kwa akili ya kuokoa vinaili, wala haikuwekei yenyewe mistari ya kugawa mabaki ili kuchambua kuwe rahisi. Kwa hayo kuna Inkcut, nayo ya bure, ambayo hupanga nakala na kuongeza mistari hiyo. Kuisakinisha kwenye Windows kunataka subira kidogo.

Halafu zipo programu za kukata za kulipia: SignCut, VinylMaster, Sure Cuts A Lot, Easy Cut Studio, na ile kubwa yao, Flexi, ambayo huendesha mashine za kuchapisha na kukata kwa pamoja. Sitazichambua moja moja kwa sababu kwa duka dogo tofauti kubwa si ufundi wake bali namna ya kulipia. Sure Cuts A Lot na Easy Cut Studio unaweza kuzinunua mara moja zikawa zako. Flexi kwa kawaida hukutaka ulipe kila mwezi au kila mwaka, kwa dola. Na dola tunaijua. Mwanzoni mwa 2024 ilipita shilingi 160, miezi michache baadaye ikawa karibu 130. Anayeuza stika ya tuktuk kwa shilingi hawezi kuamka kila mwezi kuuliza dola imelalaje. Isitoshe, mwezi mmoja ukichelewa kulipa, mashine inasimama, na mwezi unaochelewa kulipa ndio ule ambao kazi ilikuwa haba.

Kwa hivyo rai yangu, kwa anayeanza na mashine ya HPGL, ni hii. Chora kwa Inkscape na ukate kwa Inkscape au Inkcut miezi ya mwanzo. Ukiona unakata nakala nyingi kila siku na muda unakuponyoka, nunua programu ya kukata ya malipo ya mara moja, kutokana na faida, baada ya kuijaribu kwa muda wa majaribio kwenye mashine yako. Flexi iache mpaka utakapokuwa na mashine ya kuchapisha. Na lolote utakalotumia, nakala ya kila kazi ihifadhi kwa SVG au PDF, si kwa aina ya faili inayofunguliwa na programu hiyo peke yake. Mteja wa mwaka jana akirudi kutaka stika ile ile, uwe nayo hata kama umehama programu mara tatu.

Hapa ningependa kukaa kidogo, kwa sababu miongozo ya kazi hii iliyoandikwa Ulaya na Marekani mara nyingi haigusi jambo hili, ilhali sisi ndilo la kila siku: maandishi ya Kiarabu.

Herufi ya Kiarabu hubadilika umbo kulingana na mahali ilipo, mwanzo, kati, mwisho au peke yake, na neno huandikwa kutoka kulia. Programu inayoijua kazi hii huziunganisha yenyewe unapoandika. Isiyojua huziweka moja moja, zimetengana, tena kutoka kushoto. Inkscape huziunganisha sawasawa. ArtCut na programu nyingine za zamani hazifai hapa. Nimewahi kuona kibao cha madrasa moja, sitaitaja, ambacho neno madrasa lilikuwa herufi tano zilizoachana, zimepangwa kinyumenyume, kwa vinaili ya kijani nzuri sana. Mtoto wa darasa la kwanza pale ndani angelisahihisha. Fundi hakuwa mjinga wa kukata. Aliinakili kutoka WhatsApp ikiwa sahihi, na programu yake ikaivuruga mbele ya macho yake, na yeye Kiarabu hasomi.

La pili ni maungio. Hata programu inayoziunganisha herufi kwa jicho, kwa kisu bado ni herufi mbalimbali zilizolaliana. Mkia wa lam umeingia ndani ya mim, na plota itakata mistari yote, wa huyu na wa yule, hata ile iliyojificha. Ukivuta mabaki, neno linang'oka vipande vipande. Dawa yake ni kugeuza maandishi kuwa njia kisha kuyayeyusha yawe umbo moja. Kwenye Inkscape ni amri ya Object to Path, halafu Union. Kisha bonyeza Ctrl na 5 uone mchoro kwa mistari mitupu, bila rangi. Hapo ndipo unapouona kama kisu kitakavyouona. Mstari wowote unaopita ndani ya herufi ni mkato usioutaka. Ugonjwa huu unazipata pia fonti za Kizungu za mwandiko wa kuunganisha, zile zinazopendwa kwenye stika za harusi, na dawa ni hiyo hiyo.

La tatu ni nukta, na hili ndilo linaloniumiza kichwa kuliko yote. Nukta moja chini ni ba, mbili juu ni ta, tatu juu ni tha, moja juu ni nun. Kwenye maandishi madogo nukta ndiyo ya kwanza kung'oka na mabaki. Na kinyume chake ni kibaya zaidi: chembe ya vinaili ikisahaulika tumboni mwa ha, husomeka jim, na Ar-Rahim, Mwenye kurehemu, likageuka ar-rajim, aliyelaaniwa. Mbele ya mlango wa mtu! Kwa hivyo usikubali kazi ya Kiarabu yenye nukta ndogo kuliko mkono wako unavyoweza kuzichambua. Mwambie mteja aongeze ukubwa au aache irabu. Chagua fonti yenye nukta nene. Amiri, ya bure, iliyotengenezwa na Khaled Hosny kwa kufuata naskhi ya matbaa ya Bulaq ya Cairo, ni nzuri na inasomeka, ingawa kwa stika ndogo sana nukta zake huhitaji kukuzwa kidogo. Kabla ya kukata, chapisha kwenye karatasi ya kawaida umpe mwalimu wa madrasa asome kwa sauti. Dakika tano tu. Na vipande vya aya vilivyoharibika visifagiliwe na takataka za duka. Wekeni boksi lake, vikaondolewe kwa heshima kama kurasa kuukuu za msahafu.

Anayeandikishwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wa Lamu na Mombasa walivyoandika barua na tenzi zao, aangalie pia kama fonti ina pe, che na ve. Nyingine hazina, na programu huazima herufi hiyo kutoka fonti nyingine, unene ukawa tofauti.

Tuje kwenye nembo za WhatsApp. Mteja hukutumia nembo ya biashara yake kwa picha iliyobanwa na kubanwa, kingo zake zina ukungu. Programu nyingi zina uwezo wa kufuatisha picha na kuigeuza vekta. Inkscape hutumia Potrace ya Peter Selinger, ambayo ni hodari kwa picha safi ya rangi moja. Kwa picha chafu, hata hodari hutoa njia yenye maelfu ya vipembe, na kisu hutetemeka juu ya vinaili kama mwenye homa. Muombe mteja akutumie kama waraka badala ya picha, au akupe PDF aliyopewa na aliyemchorea. Kama hana, iandike upya kwa fonti inayofanana. Mara nyingi ni haraka kuliko kusafisha.

Vipimo navyo vina hila zake. Faili ya SVG isiyotaja milimita husomwa tofauti na kila programu: Inkscape ya sasa huhesabu alama 96 kwa inchi, za kabla ya 2017 zilihesabu 90, na nyingine huhesabu 72. Mchoro wa sentimita 60 uliotoka kwa 96 ukifunguliwa kwa 72 utakuwa sentimita 80. Mashine nazo, chache, huhesabu vipimo 1000 kwa inchi badala ya 1016 vya HPGL, na milimita 100 inakuwa 101.6. Kwenye stika ya kikombe hutaona, kwenye kioo cha duka kilichopimwa kwa futi utaona. Kata mraba wa milimita 100 siku ya kwanza, upime kwa rula, urekebishe ndani ya programu, yaishe.

Mraba huo huo utakuonyesha jambo jingine. Kisu cha plota huburutwa, na ncha yake iko nyuma ya kitovu chake kwa robo milimita hivi. Programu, au mashine, lazima ifidie hilo kwenye pembe. Pembe zikitoka mviringo, fidia haipo. Zikitoka na vipembe vya ziada, huenda programu na mashine zote mbili zinafidia. Zima moja. Na kwa vinaili ya jezi, ile ya kubandika kwa pasi ya moto, hukatwa kinyume, kwa hivyo programu yoyote utakayochukua iwe na amri ya kugeuza. Karibu zote zinayo.

Kuhusu waya. Plota nyingi za bei nafuu zina USB kwa nje tu. Kwa ndani ni mawasiliano ya zamani ya poti ya COM yanayogeuzwa na kijidude kama CH340, PL2303 au FTDI. Kila kijidude kina draiva yake. Mwaka 2014 draiva ya FTDI iliyoletwa na masasisho ya Windows ilivizima vijidude bandia, na watu wakadhani mashine zao zimekufa. Muulize muuzaji ni kipi kimo ndani, na draiva uihifadhi kwenye flashi. Kama mashine inakata vizuri mwanzoni kisha katikati ya kazi inachora mstari wa kichaa mpaka pembeni, usikimbilie kulaumu kisu: mara nyingi kompyuta inatuma haraka kuliko kumbukumbu ndogo ya mashine inavyomeza. Linganisha kasi, aghalabu ni 9600, na namna ya kusubiriana, pande zote mbili. Na kwa kuwa stima yetu tunaijua, kazi ndefu igawe vipande. Laptopu ina betri, plota haina, na programu nzuri ni ile inayokuruhusu kutuma tena kipande kilichokatika bila kurudia roli nzima.

Nimeahidi kurudi kwenye nakala za wizi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inazilinda programu za kompyuta, hilo liko wazi. Kwa Muislamu kuna la ziada: baraza la fiqhi la jumuiya ya nchi za Kiislamu, OIC, lilipokutana Kuwait mwaka 1988 lilipitisha kwamba haki za utunzi na uvumbuzi ni mali ya mwenyewe na hazifai kuvamiwa. Kijana anayekata Bismillahi kwa Corel ya wizi, ilhali Inkscape ya halali haimgharimu ila bando la kuipakua, sioni udhuru wake. Tukiacha hayo, nakala hizo ndizo zinazoleta virusi dukani, na kompyuta iliyobeba michoro ya wateja wako wote si mahali pa kukaribisha virusi.

Siku ya kwenda kununua, nenda na laptopu yako iliyokwisha kuwekwa programu uliyoichagua, na flashi yenye faili tatu: mraba wa milimita 100, neno la Kiarabu lililoyeyushwa kuwa umbo moja, na jina kwa fonti ya mwandiko. Mwambie muuzaji unataka kuzikata hapo dukani, kutoka kwenye laptopu yako, si kutoka kwenye yake. Nusu saa inatosha, na mwenye mashine nzuri hatakunyima. Akisema mashine hii huendeshwa na programu yake tu, basi akuandikie kwenye risiti jina la programu na daraja lake, leseni ni ya kompyuta ngapi, na kompyuta ikifa nani atakupa nambari nyingine. Asipotaka kuandika, rudisha flashi mfukoni uende duka la pili.